Binadamu Haruhusiwi Kuwa Wawili

Kuna sheria moja ndani ya Baldur's Gate II ambayo wachezaji wengi huipita vile tunavyopita masharti ya app yoyote: unabonyeza "kubali", safari inaendelea. Sheria yenyewe ni hii. Elfi anaweza kuwa mpiganaji na mchawi kwa wakati mmoja. Mbilikimo anaweza kuwa mwizi na mchawi kwa wakati mmoja. Binadamu hawezi. Binadamu akitaka kazi ya pili, lazima aiache ya kwanza, aanze upya kutoka ngazi ya 1, na ujuzi wake wote wa zamani ulale usingizi mpaka ule mpya uupite.

Gemu hii ilitoka mwaka 2000. Mrithi wake, Baldur's Gate 3, ilitoka Agosti 2023, na ina wakimbizi ndani yake, kambi ndani yake, hata wenyeji wanaolalamika kwamba wageni wamezidi. Ungedhani hii ya pili ndiyo ingezungumza na mtu wa Turkana. Mimi nasema ni ile ya zamani, yenye sheria ya kibahili, ndiyo inayojua jambo kuhusu Kakuma. Na inalijua kupitia ule ujanja ambao wachezaji wameutafuta ndani yake kwa miaka zaidi ya 20.

Kwanza kwa msomaji ambaye hajawahi kugusa gemu za aina hii. Unapoanza, unaunda mhusika na unamchagulia klasi, yaani kazi yake duniani: mpiganaji, mchawi, kasisi, mwizi na kadhalika. Klasi ndiyo inayoamua ataweza nini na atanyimwa nini. Kila anachofanya kinampa pointi za uzoefu, na pointi zikitosha anapanda ngazi. Yote yameandikwa kwenye karatasi ya mhusika, ambayo unaweza kuifungua wakati wowote ukasoma: nguvu kiasi gani, uchawi upi, imebaki pointi ngapi. Kuchanganya klasi ni kumpa mtu mmoja kazi mbili au tatu. Ujanja unaingia pale unapogundua kwamba kazi mbili zikikutana zinazaa kitu ambacho aliyeandika sheria hakukitarajia, au alikitarajia akanyamaza.

Mfano maarufu wa Baldur's Gate II ni Kensai anayegeuka mchawi. Kensai ni mpiganaji aliyejifunga masharti: havai deraya, hatumii upinde wala silaha yoyote ya kurusha. Kwa kujinyima hivyo anapewa mkono mkali kuliko wapiganaji wengine, na ukali huo unaongezeka kadiri anavyopanda. Ukimchezesha peke yake, anakufa haraka, maana yuko kifua wazi. Lakini mchawi naye kwa kawaida havai deraya. Sasa mgeuze Kensai awe mchawi. Lile sharti zito la kwanza halikuumi tena, kwa sababu kazi ya pili ingekunyima kitu kilekile hata hivyo. Na uchawi unakupa ngao ambayo chuma hakikukupa. Umelipa deni moja kwa kazi mbili.

Huo ndio ujanja wa kweli kwenye gemu hizi, na nauheshimu. Wengine huuita wizi. Mimi naona ni usomaji makini wa sheria: kutafuta adhabu mbili zinazofanana ili uzilipe mara moja tu.

Lakini bei ipo, na ina tarakimu. Ukimgeuza Kensai akiwa ngazi ya 9, ameshatumia pointi 250,000. Anaanza uchawi kutoka sifuri, na upanga wake hauamki mpaka afike ngazi ya 10 ya uchawi, ambayo inahitaji pointi 250,000 nyingine. Ukiwa na tamaa ukangoja hadi ngazi ya 13, umetumia 1,250,000, na mchawi wako sasa anahitaji 1,500,000 kufika ngazi ya 14. Piga hesabu: 2,750,000. Dari ya pointi katika gemu ya asili, kabla ya nyongeza yake kutoka, ilikuwa 2,950,000. Yaani unamtengeneza shujaa wa ajabu ambaye kwa sehemu kubwa ya hadithi ni mchawi mchanga mwenye upanga asioweza kuutumia ipasavyo, na anapokuja kuwa mzima, hadithi inakaribia kuisha.

Waandishi wa gemu hawakuiacha sheria hii kwenye tarakimu tu, waliwapa watu wake nyuso. Angalia wenzako wa safari. Binadamu wenye kazi mbili ni Imoen, Nalia na Anomen, na wote waliacha moja ili kushika nyingine. Imoen, uliyekua naye, kwenye gemu ya kwanza alikuwa mwizi mwenye utani. Kwenye ya pili unamkuta ni mchawi, na wizi wake umesimama palepale ngazi ya 7, hautapanda tena. Upande wa pili wako Jaheira, Jan na Aerie: nusu elfi, mbilikimo, elfi. Hao wanabeba kazi zao pamoja, kwa kugawana pointi nusu kwa nusu, polepole lakini bila kuacha kitu. Aerie ni elfi mwenye asili ya mabawa aliyetekwa, akafungiwa kwenye maonyesho ya sarakasi, na mabawa yake yakakatwa. Mzee aliyemlea hapo alimfundisha uchawi na ukasisi. Gemu ilimpokonya anga, lakini haikumwambia achague kati ya vile viwili alivyobaki navyo.

Nimeicheza hiyo gemu hapa Lodwar kwa simu. Toleo lililoboreshwa, lililotolewa na Beamdog mwaka 2013, baadaye liliingia hata kwenye Android, na likishaingia halidai bando. Baldur's Gate 3 nayo inadai gigabaiti 150 kwenye kompyuta yenye misuli, na bei yake ilipotoka ilikuwa dola 60. Kwa hivyo huku kwetu gemu ya zamani si suala la ushamba. Ndiyo inayoingia mfukoni. Na ukiicheza ukiwa kilomita kama 120 kutoka Kakuma, lile neno "lala usingizi" linaanza kukuchokonoa.

Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, na mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yakafunguliwa jirani yake. Leo kwa pamoja wanaishi huko karibu watu 300,000. Chukua mfano wa mtu aliyekuwa muuguzi Bukavu, au mwalimu wa hesabu Juba, au fundi wa umeme Mogadishu. Akifika anapewa klasi mpya: mkimbizi. Haipitii usaili, haiulizi ulikuwa ngazi ya ngapi. Vyeti vyake kama vipo viko kwa lugha nyingine na mfumo mwingine. Akipata kazi kwenye shirika, mara nyingi analipwa kile kinachoitwa insentivu, posho ndogo kuliko mshahara wa Mkenya anayefanya kazi hiyohiyo meza ya pili. Akitaka kutoka kwenda Lodwar au Nairobi, anahitaji kibali. Uuguzi wake haujafa. Umelala. Na tofauti na Kensai, hakuna aliyemwonyesha ni pointi ngapi zimebaki mpaka uamke.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 iliahidi kufungua milango ya kazi, na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 unasema kambi zitageuka miji ya kawaida ambamo mgeni na mwenyeji wanatumia huduma zilezile. Ni sawa na kusema hatimaye binadamu ataruhusiwa kuwa wawili. Tusubiri tuone masharti.

Hapa msomaji mkali ataniambia: wacha basi, hiyo ni mifano ya kishairi tu, maisha si gemu. Nakubaliana naye zaidi ya anavyodhani. Hebu tuangalie mahali ambapo watu wa nchi hii walichanganya klasi kweli, kwa maana ya ujanja kabisa, tuone kilichotokea.

Miaka ya ukame, hasa kule Garissa karibu na kambi za Dadaab, Wakenya wenye njaa walijiandikisha kama wakimbizi. Hesabu yao ilikuwa nzuri kabisa: mwenyeji hana mgao, mkimbizi ana mgao, na sura zetu na lugha yetu ni moja. Uraia upo, chakula kiongezwe. Walipofanya hivyo waliacha alama za vidole, zao na za watoto wao. Miaka ikapita, watoto wakafika 18, wakaenda kuchukua kitambulisho, na mashine ikasema: wewe ni mkimbizi. Maelfu ya Wakenya walikwama hivyo, bila kitambulisho, na bila kitambulisho hakuna akaunti ya benki, hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna kazi rasmi. Walidhani wanachanganya klasi kama elfi. Kumbe mfumo uliwahesabu kama binadamu: umechukua ya pili, ya kwanza imelala. Na hakukuwa na ngazi ya 10 ya kuiamsha.

Ona tofauti. Mchezaji wa Kensai anajua adhabu kabla hajabonyeza. Ameisoma. Kama hataki, haendi. Mtoto aliyebebwa mgongoni kwenye foleni ya usajili hakusoma chochote, na hata aliyembeba hakusoma, kwa sababu haikuandikwa mahali anapoweza kuiona. Mwanya wa sheria ni raha pale tu sheria zenyewe ziko wazi. Zikifichwa, kilekile kitendo cha akili kinageuka kuwa mtego. Ndiyo maana nasema Baldur's Gate II ni bahili lakini si katili: inakunyima, ila inakuonyesha inachokunyima.

Sasa tuje kwa mrithi.

Baldur's Gate 3 ya studio ya Larian ilifuta ubahili huo wote. Ina klasi 12, ngazi ya mwisho ni 12, na mtu yeyote wa asili yoyote anaweza kuchanganya chochote na chochote. Hata sharti la meza, lile la mchezo wa asili wa karatasi na dadu linalotaka uwe na uwezo fulani wa chini kabla ya kuchukua klasi ya pili, limetupwa. Na ukijuta, yuko Withers, mfu mkavu anayekaa kambini kwako. Mpe dhahabu 100 atakufuta uanze upya, leo mchawi, kesho kasisi, keshokutwa mchawi tena. Dhahabu 100 kwenye gemu hii ni pesa ya kuokota njiani.

Ujanja humu ni mwingi na mtamu, sikatai. Mchukue kasisi wa ngazi 11, mwongezee ngazi 1 tu ya uchawi wa vitabu. Ghafla anaweza kunakili kutoka kwenye hati za uchawi aina za ngazi ya juu kabisa, ambazo mchawi wa kawaida amezisotea gemu nzima. Au mchukue mpiganaji wa ngazi ya 5 umwongezee ngazi 5 za mchawi wa mkataba, yule aliyekopa nguvu kwa kiumbe kikubwa kuliko yeye. Kila klasi inampa pigo la ziada, na yale mapigo yanajumlishwa: anapiga mara tatu pale wengine wanapopiga mbili. Novemba 2023 Larian walipoleta hali ngumu ya kucheza, ile ambayo ukifa imekwisha, mwanya huo wa mapigo matatu waliuziba humo, wakauacha wazi kwenye hali za kawaida. Ni uamuzi wa busara na wa heshima: anayetaka raha apate, anayetaka jasho apate, na kila mmoja anajua yuko kwenye sheria zipi.

Lakini kitu kimepotea. Kama unaweza kuwa chochote na kuacha kuwa hicho kwa dhahabu 100, kazi ya mtu haimwambii mtu huyo chochote. Naweza kumchukua Gale, mchawi ambaye hadithi yake nzima ni kiburi cha usomi wake, nikamfanya mpiganaji wa mabavu asubuhi, na mazungumzo yake yakaendelea kuhusu uchawi kana kwamba hakuna kilichotokea. Hadithi na karatasi haziongei tena. Imoen aliyeacha wizi alikuwa ameacha kitu. Gale aliyeacha uchawi amebadilisha shati.

Na hapo ndipo wakimbizi wa Baldur's Gate 3 wanapoingia. Sehemu ya kwanza ya gemu inakupeleka kwenye msitu wa wazee wa mizizi na majani, ambako watu wenye pembe, matiflingi, waliofukuzwa kutoka mji wa Elturel wamepewa hifadhi. Wenyeji wamechoka. Kiongozi wa muda, Kagha, anataka kuufunga msitu kwa miiba na kuwatoa wote nje, ambako magoblini wanawasubiri. Mtu yeyote aliyewahi kusikiliza mazungumzo ya barabarani kati ya Lodwar na Kakuma, kuhusu kuni, maji na ardhi, anakaa sawa kitini.

Halafu gemu inajitoa. Ukichunguza, unakuta Kagha amekuwa akiongozwa kwa siri na kundi la wenye itikadi kali. Lalamiko la mwenyeji limegeuka njama. Ukishaifichua, tatizo la kama chakula kinatosha halikujibiwa, limefutwa. Turkana haikuhitaji njama. Mturkana ambaye mbuzi wake wamekufa kwa ukame na anaona malori ya chakula yakipita kwenda kwa mwingine ana lalamiko lenye mantiki, hata pale anapokosea anapolielekeza. Wageni na wenyeji wamefanya biashara ya kuni, makaa, mbuzi na unga kwa zaidi ya miaka 30, wamegombana na kuoana, bila kiongozi wa siri nyuma yao. Mwandishi mwenye ujasiri angemwacha Kagha awe na hoja.

Baya zaidi ni kwamba matiflingi hawana karatasi. Zevlor alikuwa askari wa kiapo. Rolan anaota kuwa mwanafunzi wa uchawi mjini. Dammon ni mhunzi. Hawa ndio watu wa gemu hii ambao kazi zao za zamani zimelala na za mpya hazijaanza, ndio wangestahili sheria ya Imoen. Lakini wewe mchezaji huwezi kufungua karatasi ya hata mmoja wao. Unaweza kuwaokoa au kuwaacha wafe. Uhuru wa kuchanganya klasi 12 ni wako na wenzako wachache. Mkimbizi ni tukio kwenye karatasi ya mtu mwingine.

Mpaka sasa gemu niijuayo iliyomweka mkimbizi mikononi mwa mchezaji ni Salaam ya Lual Mayen, Msudani Kusini aliyekulia kwenye kambi ya kaskazini mwa Uganda na kujifunza kutengeneza gemu kwa kompyuta ambayo mama yake aliiwekea akiba ya dola 300 kwa miaka mitatu. Humo hakuna klasi hata moja. Unakimbia, unatafuta maji, chakula, dawa. Ni gemu yenye moyo, na najua kwa nini imejengwa hivyo: anataka mchezaji wa mbali aonje mwendo ule. Ila nayo inamwacha mkimbizi na kitenzi kimoja. Kukimbia ni siku chache. Kakuma ni miaka 30 ya kufanya mambo mengine yote.

Na ndani ya miaka hiyo watu wa Kakuma wamekuwa wasomaji wakali wa mifumo. Mwaka 2015 Bamba Chakula ilipokuja, vocha ya chakula ndani ya laini ya simu, watu walijifunza mara moja duka lipi lina bei gani na nini kinaweza kubadilishwa na nini. Huo ni ujuzi uleule wa Kensai na deraya. Kilichokosekana ni uthabiti wa sheria. Katikati ya 2025 misaada ilipopungua, kaya ziligawanywa katika makundi manne kulingana na uhitaji, wengine wakapunguziwa, wengine wakaondolewa kabisa. Watu waliingia barabarani. Swali lililozunguka halikuwa tu kwa nini chakula kimepungua. Lilikuwa pia: nani kaniweka kundi hili, na kwa kigezo gani? Hilo ni swali la mtu anayetaka kuona karatasi yake mwenyewe.

Kwa hivyo nikiulizwa kijana wa Lodwar au Kakuma aanze na ipi, nasema ile ya mwaka 2000, kwenye simu, na asione haya kutafuta mianya yake yote. Baldur's Gate 3 ni gemu nzuri zaidi kwa karibu kila kipimo: sauti, sura, mazungumzo, ucheshi. Itakufundisha kwamba unaweza kuwa yeyote. Baldur's Gate II itakufundisha kusoma maandishi madogo, kuhesabu gharama ya kuanza upya, na kukasirika pale sheria inapompa mmoja na kumnyima mwingine kwa sababu ya alivyozaliwa. Ukishazoea kufungua karatasi ya mhusika na kukuta kila kitu kimeandikwa humo, hutaridhika tena na dirisha la ofisi linalokujibu "rudi wiki ijayo". Utauliza imeandikwa wapi.